Sabufa na Bei Yake ya Pili

Msimu wa korosho unapoingia katika pwani ya Lindi hakuna haja ya kuuliza kama minada imeanza. Tazama malori tu. Yanayoelekea bandari ya Mtwara yamebeba magunia ya korosho. Yanayotoka Dar es Salaam na kupita Nangurukuru yamebeba magodoro, makochi, mabati, televisheni, pikipiki ambazo bado zimefungwa karatasi za kiwandani, na sabufa. Kwa yule ambaye hajapata bahati ya kulala jirani na mwenye sabufa, nieleze kwamba ni redio yenye spika kubwa ambayo mlio wake hausikiki masikioni peke yake, unasikika hata kwenye sahani zilizomo kabatini.

Wafanyabiashara wanaoleta vitu hivyo ni watu makini. Siku ambayo fedha zitaingia kwenye akaunti za wakulima wa Kitomanga au Mtama wanaijua, pengine kuliko wakulima wenyewe. Sina ugomvi nao. Wengi husema kwamba hata jina la wamachinga, ambalo leo nchi nzima inalitumia kwa wachuuzi wa barabarani, lilianza na vijana wa Kimachinga waliotoka huku huku Lindi kwenda kutafuta riziki Dar es Salaam. Kama ni hivyo, basi vijana wetu wamerudi nyumbani, safari hii wakiwa na mzigo kichwani.

Ninalotaka tulizungumze leo ni lile swali ambalo malori hayo hutuachia kila mwaka. Je, mtu anawezaje kuishi kwa kiasi katika dunia ambayo kila kitu kinamwita anunue? Swali hili siku hizi linaulizwa sana. Wapo wanaolijibu kwa kuhesabu nguo zao na kugawa nusu yake. Wapo wanaovutiwa na habari za Mmarekani Henry David Thoreau, ambaye mwaka 1845 alijenga kibanda cha chumba kimoja kando ya bwawa la Walden, akakaa humo miaka miwili ili ajue mtu anahitaji nini hasa katika maisha. Lilikuwa jambo jema, na dunia inamkumbuka. Lakini mkulima wa Pande au wa Rushungi akisimuliwa habari hiyo atakuwa na haki ya kuuliza: huyo bwana alikaa kwenye kibanda cha chumba kimoja miaka miwili tu, na akasifiwa?

Hapo ndipo hotuba nyingi za kuishi kwa kiasi zinapojikwaa. Zinamwambia mwenye shati moja asitamani mashati kumi. Ufukara si kiasi. Mtu ambaye hana godoro hajachagua kulala kwenye mkeka, na akipata fedha akanunua godoro amefanya la maana. Bati badala ya makuti si anasa, muulize mama anayehamisha watoto kona hadi kona usiku wa mvua. Kwa hiyo sitaki msikilizaji yeyote adhani nimekuja hapa kuwaonea gere watu wa Lindi kwa kununua vitu.

Tena nchi hii imewahi kuonja maisha ya vitu vichache kwa lazima. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya kaya. Wanakumbuka mwaka 1983, wakati wa msako wa walioitwa wahujumu uchumi, ambapo kuwa na katoni kadhaa za sabuni chumbani lilikuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Mlango ulipoanza kufunguliwa mwaka 1984, na mitumba ikaingia, na Mzee Mwinyi akapewa jina la Mzee Ruksa, wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 kule Zanzibar. Tangu hapo, anayetaka kuishi kwa kiasi hana Azimio la kumsukuma wala uhaba wa kumlazimisha. Ni lazima aamue mwenyewe, na sokoni makelele ni mengi.

Lakini turudi Kilwa, maana mambo haya si mageni huko hata kidogo.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Msafiri huyo anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba Sultani nguo alizokuwa amevaa, na Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu kitendo chake, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tumezoea kuisoma habari hii kama habari ya ukarimu, na kweli ni ya ukarimu. Lakini hebu tuisome pia kutoka upande wa wale watumwa ishirini. Wao walikuwa ndiyo bei.

Sultani huyo huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, lile jumba lililo ukingoni mwa jabali, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Wataalamu waliochimba pale wanaona kwamba jumba halikumalizika kujengwa, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Leo UNESCO inalitunza katika orodha ya urithi wa dunia, tangu mwaka 1981, pamoja na magofu mengine ya Kisiwani na Songo Mnara. Wageni hupiga picha. Mimi kila ninapoliona hujiuliza mambo ya nyumbani: nani alichota maji ya bwawa lile?

Karne tano baadaye biashara ilihamia Kilwa Kivinje. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watu waliofungwa, na ilipanda na nguo. Nguo nyeupe iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani. Nyeusi iliitwa kaniki. Na shanga, za kila rangi, ambazo mtindo wake ulibadilika kama mitindo ya simu inavyobadilika leo, na mfanyabiashara aliyekwenda bara na rangi iliyopitwa na wakati alirudi nayo. Sisemi kwamba anayenunua kitenge leo ni sawa na waliouza watu. Nasema kwamba pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya vitu vizuri ambavyo bei yake ya kwanza hulipwa dukani, na bei yake ya pili hulipwa mahali pengine, na mtu mwingine, au wakati mwingine.

Hiyo bei ya pili ndiyo mada yangu. Na kwa mkulima wa leo wa Lindi mara nyingi anayeilipa ni yeye mwenyewe, miezi tisa baadaye.

Tuangalie mwaka wake unavyokwenda. Tangu mwaka 2007 korosho zilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, husubiri mnada, kisha malipo huingia benki kwa mkupuo. Ninyi mlioko mjini mnaopokea mshahara kila mwezi, jaribuni kufikiri mnapokea mshahara wa mwaka mzima katika juma moja la Novemba. Juma hilo hilo lori la makochi limesimama chini ya mwembe, na muuzaji ana kipaza sauti. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali ilifutwa, lakini sare na madaftari havikufutwa. Februari na Machi ghala ni tupu, mahindi bado yako shambani. Katikati ya mwaka, wenye ufuta hupata nafuu kidogo. Na mikorosho inapokaribia kutoa maua ni lazima ipuliziwe salfa, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga utakula maua, na mkulima atavuna majani.

Hapo kati, mtu akikwama, ndipo anapotokea mnunuzi wa kangomba. Serikali imepiga marufuku kangomba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado ipo, kwa sababu huja wakati ambapo hakuna mwingine anayekuja. Anatoa fedha leo, atachukua korosho msimu ukifika, kwa bei aliyoipanga yeye na kwa kipimo chake mwenyewe. Hakuna maandishi, kuna kupeana mkono.

Nitoe mfano. Tarakimu ni za kubuni, lakini hesabu hii watu wa Lindi wanaifahamu. Baba fulani amenunua sabufa mwezi Novemba kwa shilingi 150,000. Hakukopa, fedha ilikuwa yake, na watoto wamefurahi. Mwezi wa Agosti anahitaji shilingi 100,000 za unga na salfa, na hana. Sabufa akiiuza Agosti hatapata hata 50,000, kwa kuwa kila nyumba inauza na hakuna anayenunua. Basi anamfuata mtu wa kangomba, anapewa 100,000 kwa ahadi ya kilo mia moja, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Msimu unafika, mnada unafungua kwa shilingi 3,000. Kilo zake mia zingempa 300,000. Amepoteza 200,000. Ongeza na zile 150,000 za mwanzo. Sabufa ile imemgharimu shilingi 350,000, na dukani hakuna aliyemwandikia bei hiyo.

Naomba mnielewe vizuri. Sabufa si dhambi. Angeinunua baada ya kuweka kando unga wa Februari na salfa ya Julai, ingekuwa sabufa ya 150,000 na muziki wake ungekuwa mtamu zaidi. Kilichomponza si kupenda muziki. Kilichomponza ni mpangilio: cha mbele kilipitwa na cha nyuma.

Msimu wa 2018 ulionyesha jambo hili kwa nchi nzima. Mwaka uliotangulia bei ilikuwa imefika karibu shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada, na watu wakaamini kwamba ngazi hiyo haina kushuka. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakagoma kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likaingia kubeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Lakini malipo yalifuatana na uhakiki, na wapo waliongoja miezi mingi hadi mwaka 2019 ukawa umekwenda mbali. Waliokuwa wamekula fedha ambayo haijaingia walipata taabu kubwa. Waliokuwa na muhogo shambani na magunia mawili ya mahindi darini nao walinung'unika, lakini walinung'unika wakiwa wameshiba.

Kuna jambo moja ambalo wahubiri wa kubana matumizi hupenda kulishambulia, nalo ni ngoma. Husema watu wa kusini wanamaliza fedha kwenye jando na unyago. Hapa mimi naachana nao. Pilau ya unyago inaliwa na kijiji, na mama aliyepika mwaka huu mwakani atapikiwa. Mtoto anafundishwa, jamaa waliotawanyika Dar es Salaam na Mtwara wanarudi, wazee wanaulizwa habari za ukoo. Hiyo ni akiba ya namna yake. Siku ya msiba ndio hao hao watakaokuja na unga. Ila yapo yaliyoingia kwenye ngoma juzi juzi, kama sare ya kitenge ambayo usipoinunua unakaa nyuma, na kushindana nani amekodi muziki mkubwa zaidi. Hayo hayakufundishwa na somo wala ngariba. Yametoka kwetu mjini, tumeyapeleka sisi, pamoja na kamati zetu za harusi na kadi zetu za michango zenye kiwango cha chini kilichoandikwa kabisa.

Na sisi wa mjini tusicheke. Kangomba yetu ipo kwenye simu. Mtu anabonyeza mara nne, fedha inaingia, na mwisho wa mwezi mshahara unapofika unakuta wenyewe wameshautangulia mlangoni. Wananchi wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na jina limekaa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijiti yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Tofauti ya mkulima wa Mchinga na karani wa Kariakoo ni kwamba wa kwanza ameuza maua ya mkorosho, na wa pili ameuza siku zake za kazi ambazo bado hajaamka kuzifanya. Wa kwanza walau alikuwa na njaa. Wa pili, mara nyingi, alikuwa na mwaliko.

Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani hii, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa. Mabasi yalisimama, malori yalisimama. Wazee walisema ni kama zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni na masika yalikuwa yakiifunga Lindi kama mlango. Sitaipamba habari hiyo. Barabara ikikatika mgonjwa wa rufaa anakwama, mafuta yanapanda, na mvuvi mwenye samaki wa kupeleka mjini anawatazama wakiharibika. Hakuna anayetamani kurudi kwenye pantoni.

Lakini siku kama hizo hupima nyumba. Bila lori, kila nyumba hubaki na ilichonacho. Mwenye muhogo, nazi na jiko la kuni lililo kavu hakosi chakula cha jioni. Mwenye friji tupu na televisheni isiyo na umeme ana mbao na vioo. Barabara ikishafunguka mambo hayo husahauliwa upesi, maana lori la kwanza huja na soda baridi. Ni vyema tuyakumbuke kabla ya mvua nyingine.

Sasa mtu atauliza, basi tufanye nini? Sina sheria ya kumpa mtu. Nyumba moja ina wagonjwa, nyingine ina wanafunzi, nyingine ina deni la marehemu. Ila naona kwamba kutosha hakuwezi kupimwa siku ya malipo, mbele ya muuzaji mwenye kipaza sauti. Kunapimwa mapema, Septemba, wakati mfuko ni mtupu na akili imetulia, baba na mama wakiwa wamekaa pamoja. Nasisitiza pamoja, kwa kuwa akaunti ya chama cha msingi mara nyingi ina jina moja tu, na jina hilo si la yule anayejua debe la unga limebaki kiasi gani. Waandike, au kama hawaandiki waweke kichwani: unga hadi Aprili, salfa, sare za watoto, kiasi cha ugonjwa. Kisha bati, au godoro. Kinachobaki baada ya hapo kiende kwenye sabufa bila mtu yeyote kuwasimanga, hata mtangazaji wa redio.

Kina mama wamekwisha tutangulia katika hili. Tembeeni vijijini mtaona vikundi vya hisa, wanachama ishirini au thelathini, na kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, kisanduku kinakaa kwa mtu wa nne, na hakifunguliwi ila mbele ya wote. Kila juma mtu ananunua hisa kwa kadiri ya uwezo wake, anayekwama anakopa humo humo kwa riba waliyokubaliana wao, na mwisho wa mwaka wanavunja, wanagawana.

Hapo nina ombi moja dogo kwa vikundi vya ukanda wa korosho. Vipo vinavyovunja Desemba, kwa ajili ya sikukuu, wakati ambapo fedha za korosho nazo zimeingia na lori bado limesimama chini ya mwembe. Fedha inakutana na fedha, na zote mbili zinaondoka pamoja. Katiba za vikundi hivi ni za wanachama wenyewe, wanaweza kuzibadili katika mkutano mmoja. Jaribuni kuvunja katikati ya Februari. Mwezi huo lori halipo, muuzaji wa makochi amekwenda kwingine, na mtu wa kangomba ndiye anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza hali.